Televisheni Yenye Mafua

Televisheni ya kwanza katika kitongoji chetu, upande wa Nangwa, ilikuwa yangu. Niliinunua kwa jasho langu, nikaipakata mapajani kutoka Arusha mpaka Katesh, na siku niliposimamisha mlingoti wa antena nyuma ya nyumba ya baba, waliokuwa wanapalilia mahindi walinyoosha migongo wakatazama. Naandika hili mwanzoni ili lijulikane. Nilikuwa pia mtu wa kwanza kwetu kupata stashahada ya elektroniki, na kwa fani hiyo mpaka leo sijamsikia wa pili.

Hakuna aliyenisomesha. Nilipomaliza darasa la saba baba alinitafutia nafasi ya utingo kwenye mashine yake ya kuvunia, kombaini, katika shamba la ngano la serikali alikokuwa dereva. Ilikuwa nafasi ya kuonewa wivu. Dereva wa kombaini enzi hizo alikuwa mtu: alikuwa na viatu vya ngozi, alikuwa na ovaroli, na alipopita dukani aliachiwa njia. Mimi sikutaka kula vumbi la ngano. Niliondoka asubuhi moja akiwa kazini, bila kumuaga. Arusha nilibeba magunia sokoni, nikafagia duka la fundi redio, nikajifunza kwa kuitazama mikono yake, nikasoma masomo ya jioni, nikapata cheti. Kisha nikaenda Dar es Salaam nikapata stashahada. Miaka kumi na moja.

Nilirudi nikiwa na begi zuri na stashahada yangu ndani ya fremu ya kioo, imefungwa kwenye shati ili isivunjike. Baba alikuwa uani, amenipa mgongo, ananoa panga kwenye jiwe. Nilisimama hatua chache nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nikarudia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na wakubwa wa mjini. Panga liliendelea kwenda na kurudi juu ya jiwe. Kwetu mtoto anaweza kunyimwa shamba, anaweza kunyimwa hata ng'ombe wa kuanzia maisha, lakini shikamoo yake haiachwi hewani. Hata mlevi akikuamkia njiani unamwitikia. Nilisimama pale nikihisi begi linakuwa zito.

Mama alitoka jikoni, akaniona, akashika mdomo. Hakunijia kwanza. Alimwendea baba, akazunguka mpaka mbele yake, akamgusa bega. Baba akageuka. Alinitazama muda mrefu, kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekuja," alisema.

Akarudi kwenye panga lake.

Niliwaambia watu nimerudi kufungua duka la ufundi Katesh, na kweli nililifungua, duka zuri lenye meza mbili na bango nililoliandika mwenyewe. Lakini ningeweza kulifungua Babati, au nikabaki Arusha ambako watu wana redio nyingi za kuharibika. Nilikaa kwa baba, kila jioni naendesha baiskeli kurudi, kwa sababu nilikuwa nasubiri kuitikiwa. Kumwamkia usoni kila asubuhi nilimwamkia, naye alijibu kwa kichwa au kwa mguno. Neno lenyewe, marahaba, sikulipata. Nikajua ananiadhibu kwa kuondoka bila kuaga, nikasema moyoni, sawa, nitamwonyesha.

Ndiyo maana televisheni sikuiweka dukani ambako ingeniletea wateja. Niliiweka sebuleni kwa baba, juu ya kabati la vyombo, chini ya ile stashahada. Kuipata picha kule hakukuwa kazi ya kila fundi. Mawimbi yalitufikia yamechoka, na mlima Hanang ulikuwa umekaa pale kama ng'ombe aliyelala njiani. Niliunganisha nguzo mbili za mkaratusi, nikatengeneza antena kwa mabomba ya alumini niliyoyapima kwa hesabu za chuoni, nikaigeuza sentimita kwa sentimita kwa siku tatu. Picha ikatokea, nyeusi na nyeupe, yenye chenga kidogo pembeni. Umeme tuliutoa kwenye betri ya gari niliyoichaji Katesh, penye mashine ya kusaga.

Jumapili baada ya ibada, alasiri, kulikuwa na mchezo wa kuigiza, na nyumba ilijaa. Benchi la mbele lilikuwa la baba na madereva wenzake watatu wa shamba la ngano, watu wa umri wake, waliofika na ovaroli safi kama vile ni sare ya harusi. Akina mama walikaa kwenye mikeka, watoto sakafuni. Mwalimu wa shule yetu ya msingi, mama mmoja wa Kiislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora, alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na hodi yake ilikuwa ndefu yenye adabu.

Malalamiko yalianza Jumapili ya kwanza kabisa.

"Fundi," alisema dereva mmoja mrefu, rafiki mkubwa wa baba, mtu wa utani mwingi. "Hawa watu wako wana viazi mdomoni?"

Nikaongeza sauti.

"Huyo mwenye suti anaongea au anatafuna?"

Nikaongeza tena.

"Aa! Sasa unatupigia kelele, kijana. Punguza!"

Nikapunguza. Dereva mrefu akawageukia wenzake akatingisha kichwa. "Televisheni ina mafua hii."

Watu walicheka. Jina likashika palepale. Wiki nzima nikipita na baiskeli niliulizwa kama mgonjwa ameshakunywa dawa. Baba hakucheka na hakulalamika. Alikaa ameegemeza viganja kwenye magoti, anaitazama midomo ya waigizaji kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya, na kabla mchezo haujaisha aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Kwangu hilo lilikuwa lalamiko kubwa kuliko yote. Nilitaka akae mpaka mwisho. Nilitaka mchezo uishe, ageuke, aseme hata neno moja kuhusu kazi ya mikono yangu.

Nikaanza kuitibu televisheni. Niliifungua, nikasafisha kila kiungo, nikalehemu upya pale nilipopatilia shaka, ingawa sikuona kosa. Nilisafiri mpaka Dongobesh, safari ya kutwa, kwa sababu nilisikia mwenye duka mmoja kule ana redio kubwa ya zamani iliyokufa, nikainunua ili ning'oe spika yake. Niliitengenezea sanduku la mbao za mvule, nikaliziba kwa pamba ndani. Sauti ikawa nzito, nzuri, inatikisa vikombe kabatini. Hata leo nikiikumbuka naona fahari. Fundi wa Arusha angelipa kuisikia.

"Sasa ana viazi na sufuria yake," alisema dereva mrefu.

Mwingine, mfupi, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, akaongeza: "Nasikia kuna mtu anaongea. Najua ni mwanamume. Lakini anachosema, wapi!"

"Stashahada gani hiyo, isiyoweza kumfanya mtu afungue mdomo?"

Lile la stashahada liliniuma. Nikawajibu vibaya, mbele ya watu, vijana kwa wazee. Niliwaambia tatizo ni Kiswahili. Waigizaji wa Dar es Salaam wanasema haraka, wanakata maneno, na watu waliozeeka wakizungumza lugha ya nyumbani kwenye ngano hawawezi kuwafuata. Baba aliniangalia, sijui kama alipata nilichosema, kisha akaangalia mikono yake.

Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Mama hakusoma hata darasa moja, Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Aliinua kichwa akasema polepole, kama anayejisemea, kwamba yule mke kwenye mchezo amemficha mumewe barua, na barua yenyewe imetoka kwa dada yake, na dada anaumwa. Alikuwa amepata kila kitu.

Nililiona hilo. Fundi mwenye akili timamu angeweka chombo chini pale pale akafikiri. Mimi nilifikiri tu kwamba mama ananitetea.

Aliyenifungua macho ni mwalimu. Alinikuta Jumatatu dukani kwangu, ameleta redio ya shule. Tukaamkiana, akakaa, akasema kwa ile sauti ya kumwelekeza mwanafunzi bila kumwaibisha:

"Mdogo wangu, mimi televisheni yako naisikia vizuri sana."

"Asante, mwalimu. Wewe unajua Kiswahili."

"Watoto wanaisikia. Mama yako anaisikia. Wasioisikia ni wanne, na wote wanne wanakaa benchi moja." Aliisogeza redio upande wangu. "Na wote wanne wanafanya kazi moja."

Aliacha redio akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa, na ghafla darasa zima la chuoni likanirudia: mwalimu wetu akichora ubaoni mstari wa sikio la binadamu, akieleza jinsi kelele za mashine zinavyokula kwanza milio ya juu, ile myembamba, ambamo zimo sauti za *s* na *f* na *t* zinazomfanya mtu ajue neno gani limesemwa. Milio ya chini hubaki. Mtu anasikia kwamba kuna mazungumzo, hapati maneno. Na ukimwongezea sauti, inamuumiza. Kila lalamiko lililotolewa katika sebule ile lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mtihani wake nilipata alama za juu kuliko darasa lote.

Ningekuwa mtu mwingine ningekwenda kwa baba peke yake, jioni, ng'ombe wakiingia. Lakini nilikuwa nimeitwa fundi wa mafua kwa miezi miwili. Nilitaka ithibitike mbele ya watu wale wale.

Nilikuwa na kifaa kidogo nilichokitengeneza chuoni kwa ajili ya mtihani wa mwisho, kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, kinachotoa mlio mmoja unaoanza chini kama ngurumo na kupanda mpaka wembamba wa mbu. Jumapili iliyofuata nilikiunganisha kwenye ile spika ya Dongobesh. Nilitangaza kwamba leo, kabla ya mchezo, tutapima sauti kitaalamu. Kila anayesikia anyooshe mkono, akiacha kusikia ashushe.

Wote walifurahi. Ulikuwa kama mchezo wa shule. Nikaanza chini, mikono yote ikapanda, hata ya mama mwenye ungo. Nikazungusha. Mlio ukapanda, ukawa filimbi. Mikono ya benchi la mbele ikashuka, mmoja baada ya mwingine, wa baba ukiwa wa kwanza. Nikazungusha tena. Watoto wakaziba masikio, wakapiga kelele za kufurahia maumivu. Mwalimu akakunja uso. Mama akasema, "Zima hicho kitu, kinachoma!"

Na wale wanaume wanne walikaa kimya kwenye benchi lao, viganja magotini, wameniangalia kwa subira. Walikuwa wanangoja mlio unaofuata uanze.

"Washa basi," alisema baba.

Naikumbuka sauti yake. Haikuwa na hasira. Alikuwa anashirikiana nami. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kunisemesha mwenyewe kuhusu kazi yangu.

Na mimi nilinyoosha kidole kuelekea benchi lile, nikasema kwa sauti kubwa ili hata wao wasikie: "Mmeona wenyewe! Televisheni haina mafua. Haijawahi kuwa nayo. Ni masikio yenu yamekufa!"

Kijana mmoja alicheka, akaacha. Mwalimu alitazama chini. Dereva mrefu, yule wa utani, alisimama polepole. Nilitegemea atanipa neno la kuchekesha ili yaishe.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Si kosa lenu, mzee wangu, ni elimu tu, ni—"

"Dereva anaendesha kombaini kwa sikio," alisema. "Mkanda ukianza kulegea, anausikia kabla haujakatika. Ukimwambia mtu dereva hana sikio, umemwambia nini? Na unajua mwaka huu karakana inaandika majina ya watu wa kupunguzwa. Wewe msomi, unajua." Akachukua kofia yake. "Kesho neno hili litafika kazini kabla yangu."

Wakatoka watatu. Baba ndiye aliyebaki, kwa kuwa ilikuwa nyumba yake na hakuwa na mahali pa kwenda. Alikaa dakika chache, akaenda kwa ng'ombe.

Neno lilifika. Msimamizi wao alianza kuwaita kwa nyuma, mmoja mmoja, kuona nani atageuka. Mavuno yalipoanza, mwezi wa saba, dereva mrefu alikuwa analinda geti, na kombaini ya baba alipewa kijana ambaye baba mwenyewe alimfundisha. Baba aliwekwa kushona midomo ya magunia. Alikwenda kila asubuhi na ovaroli yake, akarudi na vidole vilivyochomwa na sindano. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Nilimwamkia, akajibu kwa kichwa, kama siku zote.

Jumapili hakuja mtu. Hata watoto walikatazwa, maana baba zao walikuwa wa shamba. Mwalimu alipita mara moja kunijulia hali akasema ana mitihani ya kusahihisha. Niliwasha televisheni, nikakaa katikati ya benchi la mbele. Ninavyoandika hapa nasema kama mtaalamu: sauti ile ilikuwa safi. Kila neno lilisikika mpaka ncha yake. Mwigizaji akimeza mate, unasikia. Nilikaa peke yangu na televisheni isiyo na kasoro, vikombe vikitikisika kabatini, na upande wa pili wa ukuta nikisikia mama anakuna chungu na baba hasikiki popote.

Niliendelea hivyo Jumapili nne au tano. Nilikuwa na kiburi cha kutozima.

Baridi ya mwezi wa saba kwetu ni baridi ya kweli. Inashuka kutoka mlimani asubuhi na upepo wake unaingia sikioni kama sindano. Asubuhi moja nikiandaa baiskeli mama alinitazama nikijifunga kitambaa kichwani. Akaingia stoo, akatoka na kitu amekishika kwa vidole viwili kwa sababu ya vumbi la mahindi. Kilikuwa upinde wa plastiki wenye vikombe viwili vya rangi ya chungwa, sifongo yake imeliwa na panya.

"Vaa hivi vyako," alisema, akacheka. "Sijui kama vitaenea. Kichwa kimekua."

Nilivijua kabla sijavishika. Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa mtoto wa masikio, yale ya kutoa usaha kila msimu wa baridi, nikilia usiku mpaka nyumba nzima inakesha. Wataalamu wa kigeni wa shamba la ngano walikuwa wamegawa kitu kimoja kwa kila dereva. Baba alikileta nyumbani siku hiyo hiyo, akanivika, akarekebisha upinde uutoshe utosi wangu. Nilienda shule navyo, nikachungia navyo ndama. Nilijiona mfalme. Na haikuwa kwetu tu. Vile vikombe vya rangi ya chungwa ungeviona kila mahali kijijini asubuhi za baridi, kwenye vichwa vya watoto, kwenye kichwa cha bibi anayekwenda kanisani, juu ya kilemba. Sote tuliamini ni kofia za baridi. Tulisema, wazungu wana akili, wameona jinsi kwetu kulivyo na upepo.

"Mama, hivi vilikuwa vya kuzuia kelele," nilisema. "Vya kazini."

"Najua. Aliambiwa. Waliambiwa wote."

"Sasa kwa nini—"

"Ulikuwa unalia."

Alivifuta vumbi kwa kanga. Nikamuuliza baba ameacha kusikia tangu lini. Akafikiri, akasema tangu nikiwa darasa la sita hivi, au la saba. Kwanza ndege, kisha watoto, kisha yeye mwenyewe mama mpaka asimame mbele. Kwa hiyo siku ile ya panga, nilimuuliza, siku niliyorudi?

"Siku ile ulimwamkia mgongo," mama alisema. "Nilikuwa nimesimama jikoni, nilikusikia mara zote mbili."

"Na asubuhi zote hizi? Namwamkia usoni."

"Unamwamkia huku umeinamisha kichwa. Heshima nzuri. Anaona nywele zako."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuja unajua kila kitu, mwanangu."

Sikwenda dukani siku hiyo. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikatembea mpaka shamba la ngano, mwendo wa saa moja na nusu, njia ambayo utotoni niliipita na chakula cha baba kwenye ndoo ndogo. Kombaini mbili tu ndizo zilizokuwa zinatembea, nyingine zimesimama pembeni zimenyofolewa vipuri. Baba alikuwa kwenye rundo la magunia, peke yake, na sindano yake ndefu. Safari hii nilizunguka mpaka mbele. Nilisimama pale anaponiona, nikainua uso wangu wote, nikafungua mdomo kama ninavyofungua kwa mganga wa meno.

"Shikamoo, baba."

Sindano ikasimama. Alinitazama midomo, kisha macho.

"Marahaba," alisema. "Kwema nyumbani?"

"Kwema."

"Mbona umekuja kwa miguu?"

Nilikaa kwenye gunia, nikachukua sindano ya pili, nikashona naye mpaka saa za kutoka. Kombaini zilipita na kelele zake, hatukuweza kusemezana, na ilikuwa sawa. Madereva wale walikuwa na lugha yao ya mikono, na mimi niliijua kwa kuwapelekea chakula: mkono ukizungushwa juu ya kichwa, tangi limejaa, lete lori. Kiganja kikipigapiga hewa, punguza mwendo. Vidole viwili vikipitishwa shingoni kama kisu, mkanda umekatika. Kijana aliyeendesha kombaini ya baba alipokaribia, baba aliinuka bila kufikiri akampigia kiganja, punguza, na kijana akapunguza.

Jumapili iliyofuata, alasiri, nilimwita baba sebuleni. Alikuja kwa adabu, kama mgeni, akakaa mwisho wa benchi. Niliwasha televisheni. Kisha nikachukua kigoda, nikakiweka mbele yake, nikakaa nikiipa televisheni mgongo na yeye uso.

Sikuona hata picha moja ya mchezo ule. Nilisikiliza nyuma yangu kwa masikio yangu mazuri, na kila kilichosemwa nilikisema upya kwa midomo wazi, polepole, kwa lugha ya nyumbani, na pale midomo iliposhindwa nilitumia mikono. Mume alipokuja juu nilipiga kiganja hewani. Mke alipojaza sanduku nguo zake nilizungusha mkono juu ya kichwa, lete lori. Na alipotoka akaubamiza mlango, nilipitisha vidole viwili shingoni.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Mama alichungulia mlangoni na ungo wake kuona kuna nini.

Alikaa mpaka mwisho. Majina ya waigizaji yalipopita, nilijua kwa ule muziki wa kufungia, baba aliinuka akasimama mbele ya kabati. Alitazama ile spika ya Dongobesh, akagonga mbao zake kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayekagua kazi. Akatazama juu, kwenye stashahada.

"Leo umeitengeneza," alisema. "Leo inasikika."

Nilikuwa sijagusa hata skrubu moja. Nikasema asante, baba.

Wale wengine watatu hawakurudi. Niliwaendea mmoja mmoja, nikawaamkia kwa mbele, wakaitikia, wakanipa chai, na hawakurudi. Shamba la ngano nalo lilisimama misimu michache baadaye, madereva wenye masikio na wasio nayo wakarudi nyumbani pamoja. Benchi la mbele lilibaki na nafasi tatu. Kila Jumapili nilikaa kwenye kigoda changu nimeipa televisheni mgongo, na mpaka baba anafariki michezo yote ile niliitazama usoni mwake.